Mkahawa wa Garini: Nani Aliletewa Sinia?



Muhula uliopita niliwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tatu picha moja ya zamani kutoka Marekani. Katika picha hiyo gari refu jekundu limeegeshwa chini ya paa, na juu ya paa kuna maandishi ya taa za rangi. Msichana mwenye kofia ndogo na viatu vya magurudumu ameleta sinia la chakula na kulitundika kwenye dirisha la gari. Ndani ya gari wamo baba, mama na watoto wawili, wote wakicheka. Niliwataka wanafunzi waandike aya moja kueleza walichokiona. Mmoja aliandika kwamba angetamani kuzaliwa zamani zile, kwa kuwa watu walikuwa na raha na safari zilikuwa nzuri. Mwenzake aliyeketi nyuma akainua mkono na kuuliza, "Samahani Mwalimu, na mtu mweusi akifika hapo na gari lake, naye angeletewa sinia?"

Darasa lilinyamaza. Nilimjibu kwa maneno machache, kisha kengele ikalia. Makala haya ni jibu refu nililomwahidi.

Maana ya jambo lenyewe

Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa mahali pa namna hii, kwa hiyo nitapaita "mkahawa wa garini". Ni mkahawa uliojengwa kando ya barabara ambapo mteja hashuki. Anaegesha gari, mhudumu anamjia, anaagiza, analetewa chakula, anakula akiwa amekaa kwenye kiti chake, analipa na kuendelea na safari.

Kwetu Uganda jambo hili si geni kabisa. Yeyote aliyesafiri kutoka Kampala kwenda Jinja anaifahamu Namawojjolo. Kabla basi halijasimama sawasawa, wachuuzi wamekwisha kulizunguka, mikono imeinuliwa madirishani na kuku wa kuchoma kwenye vijiti, ndizi za gonja na chupa za maji. Abiria hashuki, hununua, hulipa, hula. Tofauti ni kwamba Namawojjolo ni soko la watu wengi wanaogombea dirisha moja, ilhali mkahawa wa garini wa Marekani ulikuwa biashara ya mwenye mali mmoja, naye ndiye aliyeamua nani ahudumiwe. Tofauti hiyo tuishike, kwani tutairudia.

Mwanzo na kustawi kwake

Mikahawa hii ni mtoto wa gari. Mwaka 1908 kampuni ya Ford ilianza kuuza gari lililoitwa Model T, na kadiri kazi ya kuyaunda magari hayo ilivyoharakishwa ndivyo bei ilivyoshuka, hata mkulima na karani wakaweza kununua. Mwaka 1920 magari ya abiria yaliyosajiliwa Marekani yalikuwa takriban milioni 8. Kufikia mwaka 1929 yalikuwa takriban milioni 23. Watu wengi waliokuwa hawajavuka mipaka ya wilaya zao wakaanza kusafiri, na msafiri, popote alipo, huona njaa.

Mwaka 1921 mfanyabiashara aliyeitwa Jesse Kirby, pamoja na daktari Reuben Jackson, walifungua mkahawa ulioitwa Pig Stand kando ya barabara itokayo Dallas kwenda Fort Worth, katika jimbo la Texas. Waliuza mikate iliyojazwa nyama ya nguruwe ya kuchoma. Vijana waliowahudumia wateja walikuwa wakiyakimbilia magari na kurukia ubao wa kukanyagia hata kabla magari hayajasimama, maana aliyewahi ndiye aliyepata bakshishi, na bakshishi ndiyo iliyokuwa tegemeo lao kubwa.

Mwaka 1926 serikali ya Marekani iliweka utaratibu wa kuzipa barabara kuu namba. Iliyopata sifa kuliko zote ni Barabara ya 66, yenye urefu wa kilomita 3,900 hivi, kutoka Chicago hadi Los Angeles. Kandokando yake zikaota biashara za kila aina: vituo vya mafuta, nyumba za kulala wageni na mikahawa ya garini. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia mikahawa hii ikafikia kilele chake. Wasichana waliovalia sare walichukua nafasi ya vijana wa kiume, na katika baadhi ya mikahawa walihudumu wakiteleza kwa viatu vya magurudumu. Huko Shawnee, Oklahoma, Troy Smith aliyemiliki mkahawa ulioitwa Top Hat tangu mwaka 1953 alifunga vipaza sauti ili mteja aagize akiwa garini bila kumngoja mhudumu. Mwaka 1959 mkahawa huo ukabadilishwa jina na kuitwa Sonic, jina ambalo mpaka leo limeandikwa kando ya barabara nyingi za Marekani.

Kilichoiangusha mikahawa mingi kilikuwa mwendo ule ule ulioizaa. Ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walikuwa na mkahawa wa garini huko San Bernardino, California, tangu mwaka 1940. Mwaka 1948 waliufunga kwa miezi michache, wakawaachisha kazi wahudumu wa magari, wakapunguza aina za vyakula, kisha wakaufungua upya. Sasa mteja alitakiwa kushuka na kujinunulia mwenyewe dirishani, na hambaga moja iliuzwa senti 15. Wengi waliiga mtindo huo. Kisha mwaka 1956 Rais Dwight Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu za kuunganisha majimbo, zenye urefu wa kilomita 66,000 hivi. Barabara hizo zilipita mbali na miji midogo, na msafiri akawa hana tena sababu ya kusimama pale aliposimama baba yake. Mwaka 1985 Barabara ya 66 iliondolewa rasmi katika orodha ya barabara kuu za taifa.

Leo mikahawa michache iliyosalia imekuwa mahali pa kumbukumbu. Familia hupotoka njia makusudi ili wale hambaga chini ya taa zile za rangi, na wazee huwaeleza wajukuu jinsi mambo yalivyokuwa. Hamu hiyo ya jana ni jambo la kibinadamu, nami siicheki. Lakini wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Gari liliwapa nini Wamarekani weusi?

Katika majimbo ya kusini, sheria ziliwatenga watu weusi na weupe katika treni, mabasi, shule na mikahawa. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani iliridhia utengano huo katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson. Kwa sababu hiyo gari la mtu binafsi lilikuwa na thamani ya pekee kwa Mmarekani mweusi aliyeweza kulinunua. Ndani ya gari lake hakuna aliyemwambia ahamie kiti cha nyuma.

Walakini gari huhitaji mafuta, na mwenye gari huhitaji chakula, maji, choo na mahali pa kulala. Kila aliposimama, uhuru wake ulikoma. Ndiyo maana familia nyingi za watu weusi zilisafiri na kuku wa kukaanga na mayai ya kuchemsha, vimefungwa katika masanduku ya viatu. Baba aliendesha usiku kucha kwa sababu hakujua ni mji gani ungempokea. Ndiyo maana pia Victor Hugo Green, mbeba barua wa Harlem mjini New York, alianza mwaka 1936 kuchapisha kitabu cha mwongozo kilichoorodhesha hoteli, mikahawa, vituo vya mafuta na nyumba za watu ambako msafiri mweusi angepokewa bila kudhalilishwa. Kitabu hicho, kilichojulikana kwa jina la Green Book, kiliendelea kutolewa kwa takriban miaka 30.

Hebu tafakarini jambo hili. Mkahawa wa garini haukuwa na meza za pamoja. Kila familia ilikula ndani ya gari lake, imefunga mlango. Hata yule aliyedai kwamba hataki kuketi karibu na mtu mweusi hakuwa na udhuru hapo, kwa kuwa hakuna aliyeketi karibu na mwingine. Na bado sinia lilinyimwa. Hili linatuonyesha kwamba ubaguzi haukuwa suala la ukaribu wa miili. Lilikuwa suala la nani anastahili kuhudumiwa na nani hastahili.

Mabalozi wa Afrika barabarani

Historia hii inatugusa sisi Waafrika kwa njia ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1960 pekee mataifa 16 ya Afrika yalijiunga na Umoja wa Mataifa. Ofisi za Umoja huo ziko New York, na balozi za nchi hizo ziko Washington. Kati ya miji hiyo miwili mabalozi walipita Barabara ya 40, inayokatiza jimbo la Maryland, ambako mikahawa mingi ilikataa kuwahudumia watu weusi.

Dalili zilianza mapema. Mwaka 1957 Komla Agbeli Gbedemah, Waziri wa Fedha wa Ghana, alisimama kwenye mkahawa wa kando ya barabara huko Dover, Delaware, akanunua maji ya machungwa, akaambiwa hawezi kuketi humo kuyanywa. Habari zilipoenea, Rais Eisenhower alimwalika kwa kifungua kinywa Ikulu. Mwezi Juni mwaka 1961 Adam Malick Sow, balozi wa Chad, alikuwa safarini kwenda Washington kukabidhi hati zake za utambulisho. Alisimama kwenye mkahawa katika Barabara ya 40 aombe kikombe cha kahawa, akakataliwa.

Mwenye mkahawa alijitetea baadaye kwamba hakujua kuwa mgeni yule ni balozi. Machoni pake alikuwa mtu mweusi wa kawaida tu. Utetezi huo uangalieni kwa makini, kwani una hukumu ndani yake. Maana yake ni kwamba kosa, kwa maoni yake, lilikuwa kutomtambua mkubwa. Kumnyima chakula mtu mweusi wa kawaida halikuwa kosa hata kidogo.

Serikali ya Rais John F. Kennedy ilikuwa na wasiwasi. Ilikuwa ikishindana na Urusi ya Kisovieti kuipata mioyo ya mataifa mapya, na kila balozi aliyefukuzwa mkahawani alikuwa habari mbaya duniani kote. Wizara ya Mambo ya Nje ilimtuma afisa wake, Pedro Sanjuan, awasihi wenye mikahawa. Lakini ombi la namna hiyo lilizua swali lenye uchungu: je, mgeni wa Afrika ahudumiwe, na Mmarekani mweusi aliyezaliwa Maryland aendelee kukataliwa?

Waandishi watatu wa gazeti la watu weusi la Baltimore, Afro-American, waliliuliza swali hilo kwa vitendo. Mwezi Agosti mwaka huo walivaa mavazi ya kifahari, wakajifanya wajumbe wa nchi ya Afrika isiyokuwapo duniani, waliyoiita Goban, wakapita mikahawa ya barabara ile. Baadhi ya milango ambayo isingewafungukia kama raia ilifunguka kwa wageni wa Goban. Aibu ilikuwa wazi: nchi ya kubuni iliwapa heshima ambayo nchi yao halisi iliwanyima. Vuguvugu la kupigania usawa likatangaza maandamano makubwa ya magari katika Barabara ya 40 mwezi Novemba, na kabla ya siku kufika makumi ya mikahawa ilikubali kuwahudumia watu wote.

Gari la Anne Newman

Tarehe 2 Julai 1964 Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kiraia. Sehemu ya pili ya sheria hiyo ilipiga marufuku ubaguzi katika hoteli, kumbi za burudani na mikahawa. Mtu angedhani kwamba hadithi yetu imekwisha. La hasha.

Majira hayo hayo ya joto Anne Newman, mke wa mchungaji, alifika na gari kwenye mkahawa wa garini huko South Carolina, mmoja wa mikahawa ya kampuni iliyoitwa Piggie Park. Mhudumu alikuja, alipowaona waliomo ni weusi akageuka na kurudi ndani. Baadaye mwanamume mwenye kijitabu cha kuandikia maagizo alilisogelea gari, naye akakataa kuandika chochote wala hakutoa sababu, huku wateja weupe wakiendelea kuhudumiwa.

Bi. Newman na wenzake walikwenda mahakamani. Kampuni hiyo ilikuwa na mikahawa mitano ya garini na duka moja la sandwichi. Jaji wa kwanza aliamua kwamba sheria inaligusa lile duka la sandwichi peke yake. Hoja yake ilikuwa hii: sheria inataja mahali ambapo biashara kuu ni kuuza chakula cha kuliwa hapo hapo, na wateja wengi wa mikahawa ya garini walichukua chakula na kwenda zao. Kwa tafsiri hiyo dirisha la gari lingekuwa tundu la kuponyokea sheria nzima. Mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi huo mwaka 1967, ikasema kwamba la muhimu ni kuwa chakula kinauzwa kikiwa tayari kuliwa.

Mwaka 1968 kesi ilifika Mahakama ya Juu, ikiwa imebaki na suala la gharama za mawakili. Mahakama ilisema kwamba raia anayeshtaki chini ya sheria hii hapati fidia ya fedha. Anachopata ni amri ya kukomesha ubaguzi, na amri hiyo huwafaa watu wote. Kwa hiyo huyo ni kama mwanasheria wa umma asiye na cheo, na akishinda, kwa kawaida anastahili kulipwa gharama za wakili wake na upande ulioshindwa. Uamuzi huo umetajwa katika kesi nyingi za haki za raia tangu siku hiyo. Chanzo chake ni mwanamke aliyekaa garini akingoja chakula kisichokuja.

Sisi tunajifunza nini?

Kwanza, tujihadhari na kuisifu jana bila kuuliza ilikuwa jana ya nani. Mzee mweupe anayekumbuka sinia dirishani hasemi uongo, ndivyo alivyoishi. Mzee mweusi anayekumbuka sanduku la viatu lenye mayai ya kuchemsha naye hasemi uongo. Barabara ilikuwa moja, safari zilikuwa mbili. Historia iliyo kamili huzibeba zote.

Pili, tusidhani kwamba ni mambo ya ng'ambo tu. Enzi za ukoloni miji yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa na hoteli na vilabu ambamo Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni. Leo Ibara ya 21 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na Ibara ya 50 inamruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea haki zilizovunjwa, hata kama ni haki za mtu mwingine. Lakini maandishi hayajisomi yenyewe. Sheria ya mwaka 1964 ilikuwa na wiki chache tu tangu itiwe saini wakati Bi. Newman alipokataliwa, na pasipo yeye kushtaki, mikahawa ile mitano ingeendelea kama kawaida.

Tatu, tujichunguze wenyewe. Tunaposimama Namawojjolo, mchuuzi haulizi abiria ni wa kabila gani. Je, katika ofisi zetu, nyumba za kupangisha na shule zetu, tunaweza kusema vivyo hivyo? Je, tunamheshimu mgeni mwenye cheo na kumdharau jirani wa kawaida, kama yule mwenye mkahawa wa Barabara ya 40?

Kwa mwanafunzi wangu aliyeketi nyuma, jibu langu ni hili. Kabla ya mwaka 1964, katika majimbo ya kusini na hata mengine yaliyo karibu nayo, mara nyingi mtu mweusi hakuletewa sinia. Na baada ya mwaka huo alilazimika kulidai mahakamani. Swali lako lilikuwa bora kuliko picha yangu. Uliangalia waliomo ndani ya gari, kisha ukawauliza wasiokuwemo.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini utetezi wa mwenye mkahawa aliyemkataa balozi wa Chad unamhukumu badala ya kumwokoa?
2. Eleza kwa maneno yako namna jaji wa kwanza alivyoifasiri sheria katika kesi ya Anne Newman, na kwa nini tafsiri hiyo ilikuwa na hatari.
3. Muulize mzee mmoja wa kwenu kuhusu safari aliyoikumbuka sana ujanani. Andika insha ya maneno 250, kisha utaje ni nani ambaye hakuweza kusafiri namna hiyo, na sababu yake.